Chumba kwa Chumba: Wanawake katika Gemu za Ushindani, kutoka Seoul hadi Nairobi

Anayesafiri ili kujua kwa nini wanawake ni wachache katika michezo ya video ya ushindani hujikuta, mapema kuliko alivyotarajia, akichunguza vyumba badala ya vidole, kwa kuwa mchezo wenyewe, uwe unachezwa kwa kibodi na kipanya, kwa padi au kwa kioo cha simu, haumdai mchezaji kimo wala misuli, ilhali chumba anamojifunzia kina mlango, kina saa ya kufunguliwa na kufungwa, na kina wenyeji wanaoamua nani atazamwe kama mgeni. Michezo hiyo, ambayo vijana wa Afrika Mashariki huijumlisha katika neno gemu, ni ile ya kompyuta, ya simu au ya konsoli, yaani mashine ya kuchezea inayounganishwa na runinga, ambamo watu hupambana wao kwa wao kwa kanuni zilizoandikwa, mbele ya waamuzi na watazamaji, kwa ajili ya cheo na zawadi ya fedha. Njia inayofuatwa katika makala haya inaanzia Seoul, inapanda treni kuelekea milima ya PyeongChang, inagusa Anaheim katika jimbo la California, inatua Berlin, kisha inaishia Nairobi, na katika kila kituo swali ni lilelile: mwanamke aliyefika hapa alipitia mlango gani, na nani aliushikilia usifungwe?

Seoul ndipo panapostahili kutangulia, kwa sababu huko chumba cha gemu kilipewa jina na kikawa sehemu ya maisha ya taifa. Neno bang kwa Kikorea ni chumba, na PC bang ni chumba cha kompyuta zinazokodishwa kwa saa. Vyumba hivyo vilienea upesi baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1997, wakati watu wengi walioachishwa kazi walipokuwa wakitafuta biashara ndogo ya kuanzisha kwa viinua mgongo vyao, serikali ikawa inasambaza intaneti ya kasi, na kampuni ya Blizzard ya Marekani ikatoa StarCraft mwaka 1998, mchezo wa vita vya anga ambamo mchezaji huchimba madini, hujenga kambi na kuamuru majeshi kwa wakati mmoja, hivi kwamba ubingwa wake hutegemea wepesi wa mkono na ubora wa mipango kwa kiwango kimoja. Haukupita muda mrefu kabla vyumba hivyo havijafikia maelfu kwa maelfu, na kufikia mwaka 2000 Korea Kusini ilikuwa na chama cha kitaifa cha kusimamia gemu za ushindani, KeSPA, pamoja na chaneli ya televisheni iliyojitolea kuonyesha mapambano hayo.

Msafiri anayeingia leo katika PC bang hushuka au hupanda ngazi, kwa sababu vyumba hivi aghalabu huwa chini ya ardhi au orofa za juu za majengo ya maduka, kisha hukuta mwanga hafifu, safu za viti vyenye migongo mirefu, skrini pana, na harufu ya tambi za moto ambazo mteja huagiza bila kunyanyuka kitini. Harufu hiyo ina historia yake. Hadi mwaka 2013, sheria ya afya ilipopiga marufuku uvutaji wa sigara katika vyumba hivi isipokuwa ndani ya vibanda vilivyotengwa, moshi ulikuwa sehemu ya hewa ya PC bang, na moshi huo ulikuwa tangazo la kimya kuhusu nani mahali pale palikuwa pamekusudiwa. Sheria nyingine inawazuia wenye umri mdogo kukaa humo kuanzia saa nne usiku hadi saa tatu asubuhi. Na hata mpangilio wa viti ulikuwa na maoni yake, kwa maana vyumba vingi viliweka viti vya wawili, vilivyotengenezwa kwa ajili ya wapenzi, ambapo msichana aliweza kukaa bila kushangaza mtu, mradi amekuja kama mwenzi wa mchezaji. Hakuna mlango uliowahi kuandikwa kwamba wanawake hawaruhusiwi, na wasichana waliingia na wanaingia. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuruhusiwa kukaa chumbani na kuhesabiwa miongoni mwa wale ambao chumba kinawangojea.

Jambo ambalo msomaji wa mbali huenda asilitarajie ni kwamba Korea hiyohiyo, katika miaka ya mwanzo ya StarCraft, ilikuwa na mashindano ya wanawake peke yao, na kutoka humo walitokea watu wa maana. Seo Ji-soo, aliyecheza kwa jina la ToSsGirL katika timu ya STX SouL, alidumu kwa miaka mingi ndani ya timu ya kulipwa iliyojaa wanaume, akifanya mazoezi ya saa nyingi kila siku kama wao. Kim Ga-eul alikwenda mbali zaidi kwa njia nyingine, kwani baada ya kucheza alikabidhiwa ukocha wa timu ya Samsung Khan, na timu hiyo, chini ya mwanamke huyo aliyekuwa akiwapanga na kuwanoa wachezaji wa kiume, ikatwaa ubingwa wa ligi ya timu iitwayo Proleague mwaka 2007 na tena mwaka 2008. Mfano wake unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa, kwa sababu unaonyesha kwamba ligi ya wanawake inaweza kuzaa, pamoja na mabingwa, watu wanaojua kuongoza mchezo. Lakini mashindano yale ya wanawake, yalipokosa wadhamini wa kudumu na nafasi katika ratiba ya televisheni, yalififia, na kizazi cha wasichana kilichofuata kikakuta ngazi haina vidato vya chini: juu kulikuwa na jukwaa linalong'aa, chini kulikuwa na chumba cha kukodi, na katikati hapakuwa na kitu cha kukanyagia.

Matokeo ya pengo hilo yalionekana wazi mwezi Juni mwaka 2016. Msichana wa miaka 17, Kim Se-yeon, anayejulikana zaidi kwa jina la mchezoni Geguri, linalotokana na neno la Kikorea la chura, alikuwa akicheza Overwatch, mchezo wa kurushiana risasi ambamo timu mbili hugombea sehemu za uwanja wa kubuni, na kila mchezaji huchagua mhusika mwenye silaha na uwezo wake. Mhusika wake alikuwa Zarya, ambaye silaha yake ni mwale unaotakiwa kufuatishwa juu ya adui bila kukatika, kazi inayohitaji mkono mtulivu sana juu ya kipanya. Geguri aliufuatisha kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba, akiwa ameshinda takriban asilimia 80 ya mechi zake na mhusika huyo, wapinzani wa kiwango cha kulipwa walimshutumu hadharani kwamba anatumia programu ya hila inayomlengea shabaha, na wawili wao wakaapa kuacha kucheza ikiwa itathibitishwa kuwa hakudanganya. Kampuni yenye mchezo ilichunguza na kusema hakuna hila. Hata hivyo haikutosha. Ilimbidi msichana huyo aende katika studio, aketi mbele ya kamera, moja ikimulika skrini na nyingine ikimulika mkono wake, acheze moja kwa moja watu wakitazama, ndipo waliomshutumu wakaaga mchezo.

Inafaa kusimama hapa kidogo, kwa kuwa tukio hili husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushindi, nalo kweli ni ushindi, ila gharama yake haikuwa haki. Mvulana anayelenga vizuri huitwa mwenye kipaji, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo huwa ya anayemtilia shaka. Msichana anayelenga vizuri alitakiwa athibitishe kwamba mkono ni wake. Mzigo wa ushahidi ukishahamishwa namna hiyo, kila mechi anayocheza mwanamke inakuwa pia kesi anayojitetea, na mtu hawezi kucheza kwa kiwango chake kamili huku akili yake nusu iko kizimbani. Yapo yaliyotokea upande wa pili wa bahari yanayoonyesha uzito huo: Maria Creveling, aliyejulikana kama Remilia, alikuwa mwanamke wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya mchezo wa League of Legends ya Amerika Kaskazini, mwaka 2016, akiwa na timu ya Renegades, naye akaondoka baada ya majuma machache tu akieleza kwamba wasiwasi na hali yake ya kujithamini havikumruhusu kuendelea. Alikuwa peke yake jukwaani, na watazamaji waliojaa matusi walikuwa maelfu. Alifariki mwaka 2019 akiwa bado kijana.

Majira yaleyale ya joto ya mwaka 2016 yalileta Korea kisa kingine, ambapo mwigizaji wa sauti Kim Jayeon aliondolewa katika mchezo uitwao Closers baada ya kuweka mtandaoni picha ya fulana yenye maneno ya kutetea wanawake, kwa sababu wachezaji wa kiume walilalamika kwa wingi. Lakini baridi ya mwaka uliofuata ilileta jibu ambalo ni la kupendeza mno. Ndani ya Overwatch kuna mhusika wa kubuni, D.Va, msichana wa Kikorea wa siku za usoni ambaye ni bingwa wa gemu aliyegeuka mlinzi wa nchi yake, na wanawake wanaocheza gemu waliunda kikundi kilichojiita Chama cha Kitaifa cha D.Va, ambacho baadaye kilichukua jina la Famerz, wakabeba bendera yenye alama yake ya sungura katika maandamano ya wanawake ya Seoul mwezi Januari 2017. Hoja yao ilikuwa rahisi na ya kina: ikiwa mhusika kama huyo atawezekana baada ya miongo kadhaa, basi mazingira ya kumzaa lazima yaanze kutengenezwa sasa. Geguri mwenyewe aliingia timu ya ROX Orcas mwaka 2017, na mwaka 2018 akasajiliwa na Shanghai Dragons, akawa mwanamke wa kwanza katika Ligi ya Overwatch. Timu ile ilipoteza mechi zote 40 za msimu, na yeye alichelewa kuanza kwa sababu ya viza, ila mwezi Februari 2019, baada ya vipigo 42 mfululizo, iliifunga Boston Uprising, na Geguri alikuwa uwanjani.

Kutoka Seoul, reli ya kasi iliyofunguliwa Desemba 2017 kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi humfikisha msafiri kwenye milima ya PyeongChang na pwani ya Gangneung kwa takriban saa mbili. Siku chache kabla ya Olimpiki hiyo, Februari 2018, kulifanyika mashindano ya StarCraft II yaliyoitwa IEM PyeongChang, na Sasha Hostyn wa Kanada, maarufu kama Scarlett, akamshinda Mkorea sOs, aliyekuwa bingwa wa dunia mara mbili, kwa michezo 4 kwa 1, akachukua dola 50,000 na kuwa mwanamke wa kwanza kutwaa taji kubwa la mchezo huo, tena katika nchi inayouhesabu kuwa mchezo wake wa taifa. Hapakuwa na kundi la wanawake wala nafasi maalumu. Wanaopinga misaada yoyote kwa wanawake hupenda kuutaja ushindi huo kwa maana kwamba mwenye uwezo atafika tu. Lakini ushindi mmoja unathibitisha kwamba uwezo upo, hauthibitishi kwamba njia ipo. Kuhusu uwezo, watafiti walioongozwa na Cuihua Shen walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa kumbukumbu za seva, yaani kompyuta kuu zinazohifadhi kila hatua ya mchezaji, za michezo miwili, EverQuest II wa Marekani na Chevaliers' Romance III wa China, wakaona kwamba muda wa kucheza na mambo mengine yakishawekwa sawa, wanawake hawapandi ngazi polepole kuliko wanaume. Kinachoonekana kuwa tofauti ya kipaji ni, kwa sehemu kubwa, tofauti ya saa zilizotumika mchezoni, na saa ni kitu ambacho wasichana na wavulana hawagawiwi kwa kipimo kimoja.

Anaheim haihitaji kukaliwa sana. Ni mji wa kumbi za mikutano, na ni humo, Novemba 2019, Li Xiaomeng wa China, aitwaye VKLiooon, alipotwaa ubingwa wa dunia wa Hearthstone, mchezo wa karata za kwenye kompyuta, pamoja na dola 200,000, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Baada ya kushinda alikumbusha kwamba miaka miwili nyuma, akiwa amepanga foleni katika mashindano mengine, mtu alimwambia kwamba kama yeye ni msichana basi foleni ile si yake. Foleni ile ina ndugu yake katika karatasi rasmi: mwaka 2014 mchujo wa mchezo huohuo nchini Finland ulitangazwa kuwa wa wanaume peke yao, kwa kufuata utaratibu wa shirikisho la kimataifa, IESF, lililotenganisha mashindano ya wanaume na ya wanawake hata katika mchezo wa karata, na ni kelele za umma zilizolifanya shirikisho libadili kanuni ndani ya muda mfupi. Inafaa kukumbuka kwamba mlango ule uliofungwa kwa maandishi ulifunguliwa upesi kuliko ile isiyoandikwa, kwa kuwa kilichoandikwa kinaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Berlin, katikati ya Novemba, jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi jioni, baridi huingia mifupani, na hata hivyo mwanamke anayetoka kwenye onyesho la usiku Ijumaa au Jumamosi hukuta treni za chini ya ardhi zikiendelea hadi asubuhi. Katika mji huo, mwaka 2022, timu nane kutoka mabara mbalimbali zilikutana katika fainali ya kwanza ya dunia ya Game Changers, mfululizo wa mashindano ya Valorant ulioanzishwa mwaka 2021 na kampuni ya Riot Games kwa ajili ya wanawake na watu wa jinsia zilizosukumwa pembeni. Timu ya Ulaya, G2 Gozen, ikiongozwa na Michaela Lintrup wa Denmark aitwaye mimi, iliishinda Shopify Rebellion ya Amerika Kaskazini kwa 3 kwa 2 na kupata dola 180,000 kati ya 500,000 zilizotengwa.

Kwa nini paundwe mashindano ya pekee wakati hakuna kanuni inayomzuia mwanamke kuingia ligi kuu? Jibu limo katika namna Valorant unavyochezwa. Ni mchezo wa watu watano dhidi ya watano, na ndani ya kila raundi, ambayo huchukua dakika moja au mbili, wachezaji hulazimika kuambiana kwa sauti adui yuko wapi, amebaki na nguvu kiasi gani, na nani atangulie. Asiyesema anainyima timu macho. Mwanamke anayefanya mazoezi mtandaoni na watu asiowajua, mara tu anapofungua kinywa, hujulikana kuwa ni mwanamke, na kinachofuata mara nyingi ni kejeli, matusi ya kingono, au mwenzake kuacha kucheza makusudi ili timu ishindwe. Basi huchagua kati ya mawili mabaya: kuzima kipaza sauti na kucheza akiwa na upungufu, au kusema na kuvumilia. Miaka ikipita katika hali hiyo, anakosa kile ambacho mvulana wa kiwango chake anakipata bila kukiomba, yaani maelfu ya saa za kuzungumza na wenzake, kupanga, kukosea na kusahihishwa. Mashindano ya wanawake humpa saa hizo. Kwa hiyo wanaoyaita upendeleo hawaoni kwamba upendeleo ulikuwepo kabla yake, ukaenda upande mwingine. Taasisi ya AnyKey, iliyoanzishwa mwaka 2015 na kumhusisha mtafiti T. L. Taylor, imekuwa ikisisitiza jambo linalofanana na hilo, kwamba kufungua mlango hakutoshi bila kanuni za mwenendo zinazotekelezwa na wasimamizi waliofunzwa.

Hofu iliyopo ni ya kweli pia, nayo ni kwamba chumba cha pekee kinaweza kugeuka chumba cha kudumu, wanawake wakaachwa humo wakipambana wao kwa wao kwa zawadi ndogo huku ligi kuu ikijiona imetimiza wajibu. Dawa yake ni kuunganisha vyumba, timu ya wanawake ifanye mazoezi na timu za ligi kuu chini ya paa moja na makocha walewale, wala si kukibomoa kilichopo. Hofu kubwa kuliko hiyo ni ya mdhamini kuondoka. Mfululizo wa ESL Impact, ulioanzishwa mwaka 2022 kwa wanawake wa Counter-Strike, mchezo wa risasi wa miaka mingi kuliko Valorant, ulitangazwa kufikia ukomo mwaka 2025 kwa sababu za kibiashara, na wachezaji waliokuwa wamepanga maisha yao kuuzunguka wakabaki na ujuzi usio na kalenda. Msafiri aliyetoka Seoul hawezi kulisikia hilo bila kukumbuka ligi za StarCraft zilizofifia. Ni kosa lilelile, likitenganishwa na takriban miongo miwili na bara zima.

Nairobi ndiko safari inakotakiwa kupimwa. Chumba cha gemu cha mtaani hapa si PC bang. Ni kibanda cha mabati au fremu ya duka yenye runinga mbili tatu, konsoli zilizopita mikono mingi, benchi la mbao na mwenye mali anayekusanya malipo kwa mechi, na mchezo unaotawala ni wa mpira wa miguu. Wavulana hufika wakitoka shule, wengine bado na sare. Dada zao wa umri uleule, saa hizohizo, aghalabu wako nyumbani wakichota maji, wakipika au wakiwaangalia wadogo, na wale wenye nafasi ya kutoka huzuiwa na swali la mzazi ambalo si la kudharauliwa: kibanda kile kina nani, na utarudi saa ngapi? Nairobi iko karibu sana na ikweta, jua huzama mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, na baada ya hapo nauli ya matatu hupanda, foleni hurefuka, na njia ya kutoka kituoni hadi mlangoni huwa na giza. Mashindano yanayoanza mchana na kumaliza fainali saa nne usiku yamewatoa wasichana wengi kabla mechi ya kwanza haijachezwa, na mwandaaji wake, akiulizwa, atajibu kwa unyoofu kabisa kwamba alialika kila mtu lakini wanawake hawakujitokeza.

Pamoja na hayo, kutoka mji huu ametokea Sylvia Gathoni, Queen Arrow, mchezaji wa Tekken, mchezo wa ngumi na mateke wa watu wawili. Mwaka 2018, akiwa mwanafunzi wa sheria, alisajiliwa na timu ya Marekani ya XiT Woundz, akawa Mkenya wa kwanza mwanamke kusajiliwa na timu ya kimataifa ya gemu, na baadaye akapata udhamini wa Red Bull. Ili kuelewa alichokivuka, ni lazima kueleza hesabu ya Tekken. Mchezo huo huonyesha picha 60 kila sekunde, na ngumi nyepesi ya wahusika wengi hufika baada ya picha 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Ishara inayotoka Nairobi hadi kwa mpinzani wa Ulaya na kurudi ikichukua sehemu 150 za elfu za sekunde, picha tisa zimekwisha kupita, na mchezaji anajikinga dhidi ya ngumi ambayo imekaribia kumpata. Kwa hiyo anayekaa mbali na seva hawezi kutegemea intaneti peke yake. Anahitaji watu wa kucheza nao ana kwa ana, katika chumba kimoja, kwenye runinga moja, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana kwa mwanamke wa Nairobi kukosa chumba ni kukosa mchezo wenyewe, wakati mwenzake wa Berlin anaweza kufunga mlango wa chumba chake cha kulala na bado akapata wapinzani.

Simu imeanza kubadili hesabu hiyo kwa kiasi fulani, kwa kuwa ni chumba ambacho msichana anaweza kukibeba hadi jikoni, na gharama yake ni bando. Si ajabu kwamba mashindano ya wanawake ya Mobile Legends: Bang Bang, mchezo wa simu wa watu watano kwa watano, yaliyofanyika Riyadh mwaka 2024 ndani ya Kombe la Dunia la gemu, yalichukuliwa na Smart Omega Empress ya Ufilipino, nchi ambayo vijana wake wengi walijifunzia gemu kwenye simu. Afrika Mashariki ina wasichana wengi wenye simu kuliko wenye konsoli, na mwandaaji anayepanga mashindano ya konsoli pekee amekwisha kuchagua upande, hata kama hakukusudia.

Mambo yanayohitajika Nairobi, yakitazamwa kutoka mwisho wa njia hii, ni madogo kwa gharama na makubwa kwa ustahimilivu: siku moja ya juma ambayo kibanda ni cha wasichana na mwenye mali amelipwa saa zake ili asipate hasara, mwamuzi anayemtoa mtu wa matusi papo hapo badala ya kumsihi, konsoli za kuazimwa kwa mwezi na mzazi akasaini, nauli ya kurudi iliyohesabiwa ndani ya bajeti kama zawadi inavyohesabiwa, mdhamini anayeahidi misimu mitatu kabla ya kuomba kupigwa picha, na wasichana waliokwisha kucheza wakafunzwa ukocha na utangazaji, kwa mfano wa Kim Ga-eul, ili wanaokuja wamkute mtu. Na ratiba ianze saa tatu asubuhi, mchujo uishe kabla ya chakula cha mchana, fainali ichezwe saa tisa na zawadi zitolewe kabla ya saa kumi, ili mchezaji anayeishi Rongai, pembezoni mwa jiji, apate kufika kituoni, apande matatu kabla nauli haijapanda, avumilie foleni ya barabara ya Lang'ata, na abishe hodi kwao jua likiwa bado linaonekana.